Barua ya wazi kwa uongozi wa Juventus: rudisheni timu ya wanawake Turin

Kwa Rais na Bodi ya Wakurugenzi ya Juventus. Nakala kwa Meya wa Turin na kwa Shirikisho la Soka la Italia.

Waheshimiwa,

Ombi langu nalitanguliza, msije mkachoka kabla ya kulifikia: timu yenu ya wanawake ichezee Turin. Tangu msimu wa 2023-24 uwanja wake wa nyumbani umekuwa Vittorio Pozzo, kule Biella, zaidi ya kilomita 70 kutoka hapa mjini, na kila msimu unaopita watu wanazidi kulizoea jambo hili kana kwamba liliandikwa mbinguni. Halikuandikwa mbinguni. Liliamuliwa mezani, na mezani laweza kuamuliwa upya.

Sina ugomvi na Biella. Ni mji mzuri wa viwanda vya sufu, milima ya Alpi imeusimamia kwa nyuma, na uwanja wenyewe una jina la kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia mara mbili, 1934 na 1938. Watu wake wameipokea timu kwa heshima, na timu ikirudi Turin nao wanastahili shukrani, wasije wakaachwa kama watu waliokodisha nyumba tu. Lakini Biella ni mji mwingine. Ana mkoa wake, ana gazeti lake, ana watoto wake wenye ndoto zao. Mtoto wa Turin anayetaka kuwaona mabingwa wa Turin lazima asafiri.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi, na nakala ya Kiitaliano itawafikia. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, pwani ya Kenya, mji ambao Waitaliano wamejenga nyumba na hoteli kiasi kwamba vijana wetu wa ufukweni hukielewa Kiitaliano kabla hawajakielewa Kiingereza. Sasa ni mkaazi wa Barriera di Milano, kaskazini mwa Turin. Malindi, Mombasa, Dar es Salaam, Lubumbashi, kote huko wako watu wanaovaa jezi yenu ya milia myeusi na myeupe na wanaopigana utani kwa ajili yenu kila wikendi. Magazeti yetu huwaita Kibibi Kizee cha Turin. Ni haki yao nao wajue kwamba Kibibi Kizee ana mabinti mabingwa aliowahamishia mkoani.

Sababu inayotolewa siku zote ni moja: watu hawaji. Kwamba soka la wanawake halina mashabiki wa kutosha kufungua uwanja mkubwa, na kwamba majukwaa matupu yanaaibisha kwenye runinga. Hoja hii ingekuwa na uzito kama Turin isingekwisha kuijibu. Imeijibu mara tatu, na mara zote tatu jibu ni lile lile.

La kwanza wengi wenu hamkuwahi kulisikia, na siwalaumu, maana historia hii haikuwekwa kwenye makumbusho yoyote ya maana. Julai 15, 1970, katika Uwanja wa Comunale hapa hapa Turin, ilichezwa fainali ya mashindano ya dunia ya wanawake ambayo FIFA haikuyatambua. Denmark iliifunga Italia 2-0. Waliohudhuria wanakadiriwa kufikia elfu arobaini. Mwaka 1970! Wakati huo hata shirikisho la Italia lilikuwa haliwataki wanawake hawa, kampuni ya vinywaji ndiyo iliyodhamini, na magazeti yaliandika zaidi habari za kaptula zao kuliko pasi zao. Watu wa Turin wakaja vilevile.

La pili mnalijua, maana ni lenu. Machi 24, 2019, mlifungua milango ya Allianz, uwanja wenu mkubwa wa Turin, kwa mechi ya Juventus na Fiorentina, timu mbili zilizokuwa zinakimbizana kileleni. Waliingia watu 39,027. Mpira ulikuwa mgumu, wa kukabana, wa aina ile ambayo shabiki hukaa mbele ya kiti chake dakika zote. Zikiwa zimesalia dakika chache Sofie Junge Pedersen, kiungo wa Denmark, akapachika bao pekee. Mwisho wa msimu ubingwa uliamuliwa kwa pointi moja, kwa hiyo lile bao halikuwa la sherehe, lilikuwa ndilo lenyewe. Mtasema kiingilio kilikuwa bure. Ni kweli, na nitalirudia hapo chini. Lakini tiketi ya bure haimbebi mtu kutoka kitandani kwake hadi Vallette, mtaa uliko uwanja huo, wala haimkalishi dakika tisini.

La tatu ni Mei 21, 2022. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Ulaya ilichezwa Allianz, Lyon wakawafunga Barcelona 3-1 mbele ya watazamaji 32,257. Sisi Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amelazwa chumbani, mwaka uliofuata mwenyeji akapelekwa kulala nje ya mji.

Na msimu ule ule wa 2021-22 wenyeji walikuwa wameonyesha kwamba chumba kile ni chao. Mechi zenu za makundi za Ulaya mlizichezea Allianz. Mlitoka sare ya 2-2 na Wolfsburg hapo, kisha mkaenda kuwafunga 2-0 kwao Ujerumani. Mlikwenda London mkawabana Chelsea bila bao. Halafu robo fainali, Machi 23, Lyon wakaja Turin. Catarina Macario wa Lyon alifunga mapema, na mtu mzima angeweza kuanza kutafuta koti lake. Kipindi cha pili Ellie Carpenter, wa Lyon vilevile, akatolewa kwa kadi nyekundu, Cristiana Girelli akasawazisha, na Agnese Bonfantini akapiga la pili. Juventus 2, Lyon 1. Marudiano mlilala 3-1 mkatolewa, sawa, ndiyo mpira. Lakini hebu litazameni: Lyon waliobeba kombe la Ulaya mwezi Mei katika uwanja wenu, miezi miwili kabla walikuwa wamefungwa na wasichana wenu katika uwanja huo huo. Klabu nyingine ingeuza simulizi hiyo kwa miaka kumi. Ninyi mlifunga safari ya Biella.

Nieleweni ninaloongea. Hatuzungumzii timu iliyoanzishwa ili kutimiza masharti. Hadi 2025 mmetwaa ubingwa wa Italia mara sita: mara tano mfululizo kuanzia 2018, kisha ule wa 2024-25 pamoja na Kombe la Italia. Ubingwa wa kwanza kabisa ulipatikana Novara kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Brescia, kwa kuwa timu zote mbili zilimaliza ligi zikiwa sawa kwa pointi. Na msimu wa 2020-21, chini ya kocha Rita Guarino, mlicheza mechi 22 za ligi mkashinda zote 22. Hakuna sare hata moja. Hakuna siku mbaya hata moja. Nani aliyeiona? Karibu hakuna, kwa sababu korona ilikuwa imefunga majukwaa ya Italia nzima. Ule ndio msimu mzuri kuliko yote katika ligi ile, na ulichezwa mbele ya viti vitupu. Hilo halikuwa kosa la mtu. Ila nilidhani viwanja vikifunguliwa klabu itakuwa na hamu ya kuwaonyesha watu wa mji huu kile walichokikosa.

Sasa niwaambie nani anaweza kufika Biella na nani hawezi, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Mechi ya ligi mara nyingine hupangwa saa sita na nusu mchana. Mwenye gari anaingia barabara kuu, saa moja na kidogo amefika, anaegesha, anakunywa kahawa. Asiye na gari anakwenda stesheni asubuhi, na treni nyingine zinamtaka abadilishie Santhià, pale anasimama jukwaani anangoja. Akifika Biella anatafuta njia ya uwanjani. Mpira ukiisha anarudi vile vile, na kama ana watoto wawili basi ametumia siku nzima na nauli ya watu watatu kwenda na kurudi, kabla hajanunua hata chupa ya maji. Wanawake wengi wa kutoka kwetu wanaoishi hapa wanafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani. Mapumziko yao ya kawaida ni Alhamisi alasiri na Jumapili. Mechi ikiwa Jumamosi wamekosa. Ikiwa Jumapili, wachague kati ya kanisa, kupumzisha mgongo, na Biella. Mnadhani watachagua nini?

Na Allianz iko wapi? Iko Vallette, mtaa wa wafanyakazi, kaskazini mwa mji, upande huu huu wanakokaa wahamiaji. Kwa tramu na basi tunafika. Jirani yangu ana binti wa miaka kumi anayecheza beki katika uwanja wa parokia, mchanganyiko na wavulana, na hakabiki kirahisi. Tulipopita pale siku moja alitaka kujua kama Girelli yumo ndani. Mama yake akamwambia Girelli hachezei hapa. Mtoto akauliza, kwani amefanya nini?

Nimeitaja rangi ya ngozi kwa kuzunguka, acha niitaje wazi. Novemba 2019 Eniola Aluko, mshambuliaji wa Uingereza mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa akiwachezea ninyi, aliandika katika gazeti la kwao kwamba Turin ilimwonekania mara nyingine kama iko nyuma kwa miongo kama miwili katika kuishi na watu wa asili tofauti, na kwamba amechoka kuingia madukani akihisi mwenye duka anangoja aibe kitu. Aliandika akiwa anaondoka. Sisi tuliobaki tulisoma tukatikisa vichwa, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa. Lakini mji huu huu una upande mwingine, na upande huo pia umetoka kwenye timu yenu. Sara Gama, aliyezaliwa Trieste kwa mama Mwitaliano na baba Mkongomani, ndiye aliyekuwa nahodha wa Juventus na nahodha wa Italia, ndiye aliyetengenezewa mwanasesere wa Barbie mwaka 2018, na ndiye aliyechaguliwa makamu wa rais wa chama cha wachezaji cha Italia mwaka 2020. Mwanamke mwenye damu ya Kongo aliongoza klabu kubwa kuliko zote Italia akiwa na utepe mkononi. Hilo lina thamani kubwa zaidi kwa msichana wa Barriera di Milano kuliko bango lolote la kupinga ubaguzi. Ila lazima alione. Alione kwa macho yake, mtaani kwake, siyo kwa simu.

Kuna jambo la 2022 ambalo ninyi na shirikisho mlilifanya vizuri, nalisema bila kinyongo. Julai 1 mwaka huo Serie A ya wanawake iliingia katika soka la kulipwa, ya kwanza kwa wanawake katika mchezo wowote wa timu nchini Italia. Kabla ya hapo wachezaji hawa, wakiwemo waliokuwa wamefika robo fainali ya Kombe la Dunia, walihesabiwa kisheria kuwa wa ridhaa. Malipo yao yalikuwa na kikomo cha takriban euro 30,000 kwa mwaka kabla ya makato, hawakuwa na haki ya pensheni kama wafanyakazi wengine, na mimba ilikuwa janga la kikazi. Gama na wenzake walilipigania hilo kwa miaka, wakitoka mazoezini kwenda vikaoni. Leo mchezaji ana mkataba halisi, ana bima, ana kima cha chini. Lakini mkataba unalindwa na sheria. Uwanja umeachwa kwenye hiari yenu. Na mchezaji wa kulipwa analipwa na nani mwisho wa yote? Na anayekata tiketi, anayenunua jezi, anayewasha runinga kwa sababu juma lililopita aliwaona ana kwa ana. Mkimweka mbali na watu, mnamtegemeza milele kwenye mfuko wa timu ya wanaume, na siku mfuko huo ukipungua wa kwanza kukatwa anajulikana.

Hili halihitaji mtabiri. Italia imejaa makaburi ya timu za wanawake. Torres ya Sassari ilikuwa na mataji saba, ikatoweka kwenye ligi kuu mwaka 2015. Brescia, wale wale mliowashinda kwa penalti Novara mwezi Mei 2018, wiki chache baadaye waliipa Milan nafasi yao ya ligi kuu. Empoli walifanya hivyo kwa Parma mwaka 2022. Pomigliano wakaishia njiani. Na ninyi wenyewe, tusisahau, mlianza 2017 kwa kuchukua nafasi ya Cuneo. Mashabiki wa Cuneo walipoteza timu yao ili Turin ipate. Miaka sita baadaye na Turin nayo ikaambiwa ikaitafute timu Biella. Timu isiyo na mtaa ni rahisi kuiuza, kwa sababu hakuna jirani atakayetoka nje kupiga kelele.

Najua mnayo majibu, na mengine ni ya haki.

Mtasema hata timu yenu ya pili ya wanaume haichezei Turin, kwamba Next Gen ilikaa Alessandria miaka mingi. Kweli. Ila ile ni timu ya kuwalea vijana, inacheza daraja la tatu, na lengo lake ni mchezaji apande aondoke. Hii ni timu ya kwanza. Ni mabingwa wa nchi mara sita. Kuziweka kapu moja ndiyo tatizo lenyewe.

Mtasema kuufungua uwanja wa watu 41,507 kwa ajili ya watu elfu tatu ni hasara: walinzi, umeme, usafi, polisi, nyasi. Nakubali kwamba mechi ya Februari dhidi ya timu ya mkiani haiwezi kulipia taa. Sijawaomba mechi zote. Naomba mechi za Roma, Inter, Milan na Fiorentina, na kila mechi ya mtoano ya Ulaya, zichezewe Allianz na zitangazwe tangu ratiba inapotoka, siyo kama zawadi inayoamuliwa juma moja kabla. Fungueni jukwaa moja la Mashariki kwanza. Likijaa, fungueni la pili. Arsenal walianza hivyo hivyo kwa mechi chache za kuchagua kwenye uwanja wao mkubwa, wakaongeza mwaka hadi mwaka, na msimu wa 2025-26 wakahamishia huko mechi zote za ligi za wanawake. Barcelona walijaza watu 91,648 Camp Nou mwezi Aprili 2022, na siku za kawaida wana uwanja wao wa Johan Cruyff wenye viti elfu sita. Hakuna miujiza pale. Kuna mpango na kuna subira.

Kuhusu tiketi za bure, hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Msigawe bure. Bure hujaza siku moja na kumfundisha mtu kwamba alichokiona hakina bei. Weka kiingilio cha chini, kile ambacho mama wa watoto watatu anaweza kukilipa bila kupiga hesabu mara mbili, na mwenye tiketi ya msimu ya timu ya wanaume apewe nafasi ya kuongeza ya wanawake kwa kiasi kidogo. Halafu muwahesabu wanaolipa. Hiyo ndiyo namba yenye maana, siyo ile ya siku ya sherehe.

Kwa mechi zilizobaki, mji unahitaji uwanja wa kati. Na hapa namgeukia Mheshimiwa Meya. Ardhi ya Allianz na ya Continassa, penye ofisi, hoteli na viwanja vya mazoezi vya timu ya wanaume, ni ardhi ya umma ambayo jiji liliipa klabu haki ya kuitumia kwa miaka 99. Miaka 99, Mheshimiwa. Wajukuu wa wajukuu zetu watakuwa wamestaafu. Katika makubaliano ya ukubwa huo jiji lina kiti mezani, na sioni ni kwa nini halijawahi kusikika likiuliza timu ya wanawake itakuwa na viti elfu tano vyake wapi. Fiorentina walipojenga kituo chao cha Viola Park mlangoni mwa Florence, kilichofunguliwa 2023, waliweka humo humo uwanja mdogo wenye majukwaa, na wanawake wanacheza hapo. Roma wanacheza Tre Fontane, ndani ya Roma. Inter wameipeleka timu yao Arena Civica, katikati kabisa ya Milan, kwenye uwanja uliojengwa enzi za Napoleon. Wapinzani wenu hawa wote mtu anaweza kuwafuata kwa usafiri wa mjini. Juventus, klabu kubwa ya kwanza Italia kujenga na kumiliki uwanja wa kisasa, ndiyo inayopanga nyumba mkoa wa jirani.

Wachezaji wenyewe hawajalalamika hadharani, na sitaki kuwawekea maneno mdomoni. Wana mikataba yao na wana adabu yao ya kazi. Ila watazameni ni akina nani. Barbara Bonansea ni wa Pinerolo, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Martina Rosucci alizaliwa Turin. Ni mabinti wa Piemonte, siyo watu waliokodishwa kutoka mbali wasiojua tofauti ya mji na mji. Juni 9, 2019, kule Valenciennes, Italia ilikuwa sare na Australia katika mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia baada ya miaka ishirini. Dakika ya tano ya nyongeza, Valentina Cernoia akapiga mpira wa adhabu, Bonansea akaruka katikati ya mabeki warefu kuliko yeye akaupeleka kwa kichwa wavuni. Lilikuwa bao lake la pili siku hiyo. Aliyepiga pasi na aliyefunga, wote wawili walikuwa wa Juventus. Siku chache baadaye mechi na Brazil iliangaliwa kwenye runinga na Waitaliano zaidi ya milioni sita.

Miaka sita mbele, Julai 22, 2025, nusu fainali ya Ulaya huko Geneva, huyo huyo Bonansea akawafunga Uingereza dakika ya 33. Sofia Cantore, wa Juventus hadi kiangazi hicho, ndiye aliyetoa krosi. Waingereza walisawazisha dakika ya sita ya nyongeza, watu wakiwa wamekwisha anza kukumbatiana. Katika muda wa ziada Chloe Kelly akapiga penalti, Laura Giuliani akaipangua, mpira ukamrudia Kelly akamalizia. Giuliani ndiye aliyekuwa kipa wenu wa kwanza mlipoianzisha timu hii. Nililia, nakiri, na hata si nchi yangu. Cantore alikwisha kubali kwenda Marekani. Simlaumu hata kidogo. Kule anacheza mjini, mbele ya watu.

Kwa hiyo, kabla ratiba ya msimu ujao haijatangazwa, nawaomba mambo haya yatamkwe kwa maandishi na kwa tarehe. Mechi zipi za wanawake zitachezwa Allianz. Mwaka gani klabu na jiji vitakuwa vimepata uwanja wa kati ndani ya Turin, hata kama jibu ni 2028 au 2029. Tarehe ya mbali ni bora kuliko ukimya. Na kwa mechi ambazo bado zitabaki Biella, mabasi ya klabu yatoke Vallette na stesheni ya Porta Nuova, kwenda na kurudi, yakiwa yameingizwa kwenye bei ya tiketi, na mechi za Jumapili zianze saa tisa alasiri ili mtu wa zamu, mtu wa kanisani na mtu mwenye mtoto mdogo wapate nafasi sawa na mwenye gari.

Mkiona mabasi ni gharama, anzeni na mechi moja. Chagueni ya Roma. Niandikieni tu saa ya kuondoka, watu wa kulijaza basi la kwanza ninao tayari. Tulikwisha andikana majina kwenye saluni ya kusuka hapa mtaani, na dereva wa pili tumempata pia.

Wenu katika mchezo,

Mama wa Malindi, mkaazi wa Barriera di Milano, Turin